Nyumba ambayo mama anaweza kuihamisha

Wiki iliyopita tulibishana mpaka jua likazama juu ya makuta ya likelemba: tununue bashi nyingine kwa familia zilizokimbia vita vya Lubunga, au tufanye kitu kingine? Wengi walisema bashi, kwa sababu ni rahisi kubeba na msaada wenyewe unaonekana kwa macho. Mimi nilisema hapana. Mama mwenyekiti akaniambia niandike sababu zangu hapa, maana nilikuwa nimeanza kuongea kama niko darasani.

Mnakumbuka jambo lilivyoanza. Februari 2023, ng'ambo ya kushoto ya mto, Wambole na Walengola walianza kupigana juu ya ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo. Nyumba zikachomwa. Watu wakavuka mto Kongo kwa mitumbwi, wakalala katika makanisa na mashule ya mji. Kuna waliorudi kwao, kuna ambao hawana pa kurudi.

Dada yangu anakaa Mangobo, na kila nikishuka Kisangani napita mbele ya mama mmoja wa Lubunga mwenye watoto wanne, anayekaa chini ya bashi kwenye kona ya parseli ya watu. Zamani aliuza mihogo. Leo anafua nguo za majirani. Bashi yake ni ya tatu. Saa sita mchana huwezi kukaa ndani, ni kama kukaa ndani ya sufuria. Kwenye mikunjo jua limeikata, naye ameishona kwa uzi wa nyavu. Nilimuuliza kwa nini hajengi potopoto, udongo si upo? Akanijibu: “Mwalimu, mikono ninayo. Mwenye parseli ndiye hataki.”

Jibu hilo nimelibeba mpaka Banalia. Mwenye parseli si mtu mbaya. Anaogopa kwamba ukuta wa udongo ukisimama, miaka miwili baadaye mgeni atasema hapa ni pangu, na kesi itafika kwa shefu wa kartiye. Sisi wenyewe tungeogopa vilevile. Bashi anaivumilia kwa sababu ni dhaifu! Ndiyo maana tukinunua bashi kumi tutakuwa tumelipa makuta ili mambo yabaki kama yalivyo.

Kinachotakiwa ni nyumba imara isiyoota mizizi, nyumba ya vipande. Wanaochora majengo wanakiita kila kipande moduli: vyote vina kipimo kimoja, vinatengenezwa chini, vinaunganishwa, na siku ya kuondoka vinafunguliwa. Msidhani ni mambo ya mbali. Nani kati yetu hajashona ndele? Kila ndele inashonwa peke yake juu ya fito yake, kwa urefu uleule, kisha inafungwa juu ya paa. Moja ikioza unatoa hiyo moja, nyingine zinabaki. Watu wa pwani wanafanya hivyo kwa majani ya minazi, wanayaita makuti. Na Goma, mji ambao Nyiragongo iliuchoma Januari 2002 na kurudi tena Mei 2021, watu wengi wanajenga kwa mbao juu ya mawe ya volkano. Aliyekosa parseli anabomoa mbao zake na kwenda nazo.

Wakubwa wa dunia nao wamejaribu. Kuna nyumba inayoitwa Better Shelter, iliyotengenezwa Uswidi pamoja na HCR na mfuko wa IKEA. Inafika ndani ya makasha mawili, watu wanne wanaisimamisha kwa saa sita hivi bila vyombo vya fundi. Ina mita mraba 17.5, taa ya jua, na mlango wa kufunga kwa kufuli. Mimi hiyo kufuli ndiyo niliyoipenda kuliko yote, kwa sababu bashi inapasuliwa kwa wembe, na mama mwenye wasichana hapati usingizi. Lakini mwaka 2015 mji wa Zürich uliijaribu kwa moto ukakataa kuitumia, mpaka watengenezaji wakabadilisha kuta zake. Halafu kipande chake kimoja kikivunjika, nani atakileta Kisangani?

Hadithi nyingine iko karibu zaidi. Baada ya 1994 wakimbizi wa Rwanda walipewa mabomba ya aluminiamu ya kusimamishia bashi, ili wasimalize miti. Waliyauza mabomba, wakarudi msituni kukata miti. Mjapani mmoja mchoraji wa majengo, Shigeru Ban, akapendekeza mabomba ya karatasi ngumu ambayo hakuna wa kuyanunua sokoni, na mwaka 1999 vibanda 50 vya namna hiyo vilijaribiwa kambini Byumba. Ni akili nzuri. Lakini mimi siwezi kumlaumu mama aliyeuza bomba ili watoto wale.

Kwetu mbao zipo; si barabara yetu ndiyo inayozishusha mjini? Nimepiga hesabu. Kipimo cha wanaosaidia wakimbizi ni mita mraba 3.5 kwa kila mtu, kwa hiyo watu watano wanahitaji 17.5. Chukueni fremu za mbao za mita moja kwa mbili, zilizojazwa mbao nyembamba au mianzi. Fremu 12 zinafanya chumba cha mita tatu kwa tatu. Familia ikiongezeka, unasogeza ukuta wa nyuma, unatia fremu sita nyingine, na chumba kinakuwa tatu kwa sita, yaani 18. Hesabu ya watoto wa darasa la tano. Zifungwe kwa buloni, zisipigwe misumari, maana msumari ukiung'oa mara mbili ubao umekufa. Miguu ikae juu ya mawe na ipakwe mafuta machafu ya moteri, kwa ajili ya mchwa. Juu, ndele.

Madirisha yawe mawili, yakiangaliana. Hapo sitaki mabishano. Sisi wa Banalia tulizika watu zaidi ya 200 kwa meninjite mwaka 2021, na tuliambiwa wazi kwamba ugonjwa ule unapenda watu wanaolala wamebanana bila hewa.

Mama mmoja aliniuliza mkutanoni: na mbao zikiuzwa kama mabomba yale? Zinaweza kuuzwa. Ndiyo maana napendekeza nyumba ibaki ya chama, kila fremu ichomwe alama yetu kwa chuma cha moto, na familia iazimwe kwa barua. Barua hiyohiyo ndiyo mwenye parseli anayoitaka. Nilimfikia kupitia dada yangu, akasema atakubali ikisainiwa mbele ya shefu wa kartiye, na aliuliza neno moja tu: siku ya kuhama ikifika, nani atakuja kubeba? Nilimjibu ni sisi.

Tuanze na moja, ya fremu 12. Fundi anasema mlango utakula makuta kuliko kuta mbili, na anataka tuweke pazia kwanza. Mlango na kufuli yake tutavijadili Alhamisi. Wanaojua kushona ndele waje na visu vyao.