Theluji Haina Mjumbe

Mwaka 1979, bei ya mafuta ikiwa imepaa duniani, wakubwa wa mji mdogo wa Winooski katika jimbo la Vermont walikaa wakabuni jambo ambalo kwetu lingewafanya waitwe na wazee kuhojiwa: kuufunika mji. Si soko wala stendi, mji wenyewe. Lingekuwa kuba moja kubwa, linaloshikiliwa juu kwa hewa inayosukumwa na mafeni, theluji iishie nje na watu wa ndani watembee na fulana mwezi wa Januari. Mwaka uliofuata Buckminster Fuller, mbunifu aliyesifika duniani kwa makuba yake, alikuja kuhutubia mkutano wa kulijadili wazo hilo. Washington ikakataa kutoa fedha na habari ikaishia hapo. Mimi naishi Winooski, na kila Januari inapoingia nawaelewa wale wakubwa bila kuhitaji maelezo.

Ni mji wa watu wapatao 8,000 waliobanana kwenye kilomita za mraba nne hivi. Ukitembea ukiwa na mawazo unajikuta umevuka daraja la mto, uko Burlington, ambako ndiko kuna maduka makubwa na hospitali. Zamani Winooski uliishi kwa viwanda vya kufuma sufu, na wafanyakazi wengi walikuwa Wafaransa wa Kanada walioshuka kutoka Quebec. Viwanda vikafungwa mwaka 1954. Siku hizi majengo yake ya matofali mekundu ni nyumba na ofisi, na wapangaji wa mitaa ya nyuma ni Wanepali waliotoka Bhutan, Wasomali, Wairaki, Warundi na Wakongo. Kiswahili nakisikia kituo cha basi karibu kila siku, cha Bukavu kuliko cha Tanga.

Nimezaliwa Njombe, Tanzania, kwa hiyo Waswahili wa pwani tunaokutana nao huku hunitania kwamba mwenzao nilikuja nimeshafanya mazoezi. Kuna ukweli kidogo. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai sakitu huchoma majani ya viazi yakawa meusi kabla jua halijapanda. Mtoto wa Njombe anaijua sweta kabla ya kuijua shule. Lakini baridi ya kwetu ni jambo la mtu na nyumba yake. Kila mmoja na blanketi lake, jiko lake la mkaa, chai yake ya tangawizi. Sijawahi kusikia mtendaji wa kata akiulizwa baridi ya mwaka huu ameiandalia nini. Vermont baridi ni kazi ya serikali, ina bajeti, ina magari, ina zamu za usiku, na jambo lililonishangaza kuliko yote, ina matangazo.

Tuanze na maegesho, kwa sababu ndiyo yanayowaliza wageni. Theluji inayoanguka eneo hili kwa msimu, ukiijumlisha, hupita mita mbili. Magari ya kuisukuma, yenye bamba pana la chuma mbele, hufanya kazi usiku barabara zikiwa tupu. Gari likiwa limeegeshwa pembeni, bamba linalizunguka, theluji inabaki kichuguu, kesho yake kichuguu kimekuwa barafu na barabara imekuwa nyembamba hadi Machi. Ndiyo maana miji inapiga marufuku kuegesha barabarani usiku wa kazi hiyo. Burlington wamefunga taa za njano juu ya nguzo mitaani. Zikimetameta, ujue usiku ule marufuku ipo, toa gari. Pia ukijiandikisha unaletewa ujumbe kwenye simu. Usipotoa, gari linavutwa, na asubuhi unaanza safari ya kwenda kulikomboa kwa faini, ukiwa umechelewa kazini juu yake.

Hapo sheria imekamilika: taa zimewaka, ujumbe umetumwa, habari imetolewa kwa wakati. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima kutoka Bukavu, alizitazama taa hizo msimu wake wa kwanza akadhani ni mapambo ya Krismasi. Zilikuwa zimeanza Desemba, atajuaje? Alipoelezwa aliuliza swali ambalo sijaona afisa yeyote wa mji akiulizwa: “Mukubwa wa avenue yetu ni nani? Mbona hakupita kutuambia?” Kwao Bukavu kila avenyu ina mkubwa wake, mtu mwenye jina na mlango, na jambo la serikali likiwapo hupita yeye au hutuma mtoto. Nikamwambia huku hakuna mkubwa wa avenyu. Akanitazama kana kwamba nimemwambia mji hauna mwenyewe.

Sitaki kuonekana nawabeza watu wa huku, maana kazi wanaifanya. Burlington wana vitrekta vyembamba vinavyopita kusafisha hata njia za waenda kwa miguu, ilhali Boston na Chicago zinamwachia mwenye nyumba na chepe lake. Wanajua kwamba chumvi inayoyeyusha barafu huishiwa nguvu baridi ikishuka chini ya nyuzi hasi 9 hivi, na wakati huo mchanga ndio unaosaidia tairi kushika. Wanabishana hadharani kuhusu chumvi hiyo, kwa kuwa yote hatimaye hutiririka vijitoni na kuingia Ziwa Champlain, ambako Burlington huvuta maji yake ya kunywa. Mjadala wa chumvi! Nilihudhuria mkutano mmoja nikidhani nitalala, nikatoka nimejifunza.

Nyumba nayo ina huduma zake. Kuna ruzuku ya serikali kuu ya kupashia nyumba joto, iliyoanza mwaka 1981, ambayo familia yenye kipato kidogo huiomba kupitia jimbo. Mafuta yakikauka tangini katikati ya msimu, kuna msaada wa dharura. Kampuni ya umeme haiwezi kukukatia siku za baridi kali kati ya Novemba na Machi, hata kama unadaiwa, na kwa nyumba yenye mzee kanuni inazidi kuwa laini. Hilo nililisoma mara mbili. Mimi ni mtu wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwetu umeme ukiisha umeisha, saa nane usiku, Julai, na mita haina habari kwamba ndani kuna bibi wa miaka 80. Ndiyo maana jiko la mkaa halitoki chumbani Njombe, na ndiyo maana karibu kila kipupwe tunasikia habari za watu waliolala na jiko lililofungiwa ndani wasiamke. Vermont sheria inataka nyumba ya kulala watu iwe na king’ora cha kaboni monoksaidi, hewa hiyohiyo inayoua kimyakimya. Kikilia kinapasua masikio. Kama kuna kitu kimoja cha huku ambacho ningependa kila anayerudi Nyanda za Juu Kusini abebe kwenye sanduku badala ya viatu vya watoto, ni hicho.

Sasa, habari za haya yote ziko wapi? Ziko kwenye tovuti, kwenye vipeperushi vilivyopangwa maktaba, kwenye bahasha inayoingia sandukuni kwako ikiwa na lugha sita nyuma na maneno “hii ni taarifa muhimu, ifasiriwe”. Anayesoma anapata kila kitu: tarehe, saa, namba ya kupiga, jina la idara. Asiyesoma, au anayesoma lakini hajazoea kwamba karatasi ndiyo inayosema mambo ya kweli, hapati kitu. Tatizo la pili ndilo kubwa na wenyeji hawalioni. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo karatasi ni ya kuthibitisha jambo uliloshaambiwa kwa mdomo. Karatasi iliyokuja peke yake, bila mtu, ni karatasi ya kufungia maandazi.

Winooski ililitambua hili kwa uchungu. Mwaka 2020, mlipuko wa korona ulipoingia mjini hapa na kuzipiga hasa familia za wahamiaji, matangazo yalikuwepo, tena mengi. Hayakuwa yamefika. Ndipo wakalimani, watu wa afya na wahamiaji wenyewe wakaanza kurekodi video fupi, mtu anayejulikana akizungumza lugha yake, Kiswahili kikiwemo, na kuzirusha zienee simu kwa simu. Kazi hiyo haikufa na korona. Imekuwa taasisi, Vermont Language Justice Project, na siku hizi sauti hizo zinaeleza mambo ya kila namna. Shule nazo zina watu wanaounganisha walimu na wazazi kwa lugha zao. Yule mama wa Bukavu barua za mji hazisomi, lakini sauti ya kaka fulani anayemfahamu kwa ibada za Jumapili anaisikiliza hadi mwisho na kuituma kwa wenzake kumi.

Kwa maneno mengine, jimbo tajiri lenye magari ya theluji na taa za njano limezunguka kote likaishia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Sisi tulianza naye. TANU, chama tawala cha wakati huo, ilimweka miaka ya sitini, na ingawa tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 yeye ni wa chama zaidi kuliko wa serikali, mtaani bado ndiye anayejua nani mgonjwa na nani amehama usiku. Kenya walimwazima jina lake mwaka 2013 kwa ajili ya usalama. Ukiongeza gari la spika, mbiu ya msikitini na matangazo ya kanisani kabla ya sadaka, hakuna mtu Njombe anayeweza kudai hakusikia.

Lakini hebu sikiliza kinachotangazwa. Jumamosi kuna usafi, kila kaya ilete jembe na chepe. Mchango wa madarasa mwisho tarehe fulani. Mifugo isizurure. Asiyehudhuria atatozwa faini. Nimejaribu kukumbuka tangazo la mtaani kwetu lililoniambia serikali itafanya nini, lini, na nimpigie nani isipofanya. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa masika, wa vuli, hata wa kipupwe, na ni kazi nzuri. Ikishatufikia mtaani inakuwa wito wa sisi kujihadhari. Mitaro itazibuliwa na nani kabla ya masika? Kimya. Mjumbe wetu anafika kila mlango akiwa na mzigo wa upande mmoja. Huku mzigo uko pande zote mbili, ila hakuna wa kuubeba hadi mlangoni. Ukiniuliza lipi baya zaidi, nitasema la kwetu, kwa sababu sauti ya kurekodi inaweza kuongezwa kwa fedha kidogo, wakati kumfanya kiongozi atangaze wajibu wake kunadai mengine kabisa.

Vermont wana siku yao, Jumanne ya kwanza ya Machi, ambapo miji na vijiji hupigia kura bajeti na viongozi wake. Kabla ya hapo kila manispaa hutoa ripoti ya mwaka, fedha zimekwenda wapi, tingatinga limenunuliwa kwa kiasi gani. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baada ya bunge la jimbo kuipindua kura ya turufu ya gavana, hata sisi wakazi halali tusio raia tunapiga kura katika mambo ya mji wa Winooski. Kwa hiyo Machi, theluji ikiwa bado magotini, mtu wa Njombe anaingia chumba cha kura kuamua bei ya chumvi ya watu. Rais wa Marekani simchagui, na sina shida nalo.

Mdogo wangu wa kiume ni mjumbe wa serikali ya mtaa huko nyumbani. Msimu uliopita aliniomba nimtumie picha ya tangazo la theluji aone wenzao wanaandikaje. Nikampigia picha, nikamfasiria mstari kwa mstari. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, “Dada, hii namba 211 ukiipiga inapokelewa?” Nikamjibu inapokelewa, na ukitaja Kiswahili wanakutafutia mkalimani. Akacheka. “Ya mwenyekiti wetu anayo kila mtu mtaani,” akasema. “Shida ni moja tu, akijua ni habari ya mtaro, hapokei.”