Vumbi Lililoingia Nyumbani

Tulipokuwa watoto huko Kolwezi, tulimpokea baba mlangoni kila jioni. Alikuwa akifanya kazi penye kusaga mawe ya shaba na kobalti, naye alirudi amejaa vumbi toka nywele hata viatu. Tulimrukia shingoni kwa furaha. Mama alizikung'uta nguo zake uani, kisha akazifua katika beseni moja na nguo za mtoto mchanga. Hakuna aliyewaza ubaya: vumbi lile lilikuwa mshahara, na mshahara ulikuwa unga wetu.

Miaka ikapita, baba akaanza kukohoa. Usingizi nao ukampotea. Wasimamizi walikuwa wakiwaondoa watu kazini pasipo kuwaonya, na karo yetu ya shule ilikuwa deni. Usiku tulimsikia akitembea uani peke yake. Akiumwa kichwa, alisema ni uchovu. Akikohoa, alisema ni baridi. Kumbe aliogopa: anayeonekana mgonjwa ndiye atakayefukuzwa kwanza. Lakini wahenga walisema: Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Asubuhi moja akaanguka, na upande mmoja wa mwili wake ukapooza.

Hospitalini mganga mmoja alituuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa: «Baba yenu anafanya kazi gani?» Baadaye tulijifunza kwamba swali hilo ni la zamani. Mwaka 1700 mganga wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, akawahimiza waganga wenzake wamwulize kila mgonjwa hivyo.

Ndugu wasomaji, swali hilo lina maana kubwa. Mawe yanaposagwa hutoa vumbi laini mno, lisiloonekana kwa macho. Hilo hushuka hata ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu yasiyo na dawa, na mwenye makovu hayo hushikwa upesi na kifua kikuu. Tena vumbi halibaki kwa mchimbaji peke yake. Mwaka 2018 wataalamu, wengine wao wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitoa habari za mtaa wa Kasulo, hapo Kolwezi, ambapo watu walichimba kobalti kati ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika damu na mkojo wa wakaaji, na kwa watoto ilizidi.

Na mahangaiko je? Mwenye hofu mwili wake hufanya kama wa mtu anayekimbizwa na simba: moyo hupiga mbio, damu husukumwa kwa nguvu. Simba akienda zake, mwili hutulia. Lakini deni haliendi, wala hofu ya kufukuzwa. Hivyo mishipa huchoka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba mwenye kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma yumo katika hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko ya mwenye saa 35 hadi 40.

Basi sumu na hofu ni adui wawili wanaosaidiana. Vumbi hudhuru mwili kimyakimya. Hofu humfunga mgonjwa mdomo, asiseme mpaka wakati umepita.

Twafanyeje? Mawe na yaloweshwe maji kabla ya kupondwa. Kitambaa usoni hakizuii vumbi laini. Wenye kazi watoe vinyago vya kweli, maji ya kuogea, na mahali pa kuacha nguo, kwa maana mzigo huu ni wao kwanza. Nyumbani, nguo za kazi zifuliwe peke yake, wala zisikung'utwe. Ukienda kwa mganga, mwambie kazi yako hata asipokuuliza. Nanyi wake na watoto, mkimsikia baba akitembea usiku, msinyamaze kama sisi tulivyonyamaza.

Baba yetu angali hai, huketi chini ya mwembe. Kaka yetu naye amekuwa mfanyakazi wa madini. Kila jioni huoga na kubadili nguo nyuma ya nyumba. Watoto wake humngoja mlangoni, na baba huwazuia kwa mkono wake mzima mpaka mzazi wao amekwisha kunawa.