Ubao Mmoja Njiani Maposeni

Atokaye Songea mjini kwenda Maposeni, jirani na Peramiho ambako Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1898, hupita kati ya mashamba ya mahindi na udongo mwekundu. Huko ndiko pikapu yetu, iliyosheheni magunia, ilikopata pancha ya gurudumu la nyuma.

Nilikimbilia jeki. Dereva, mzee mtaratibu, alinizuia.

"Mwanangu, udongo huu umelowa. Utaimeza jeki, na gari litakuangukia."

Alitushusha sote, tukapakua magunia. Alivuta breki ya mkono, akaingiza gia, kisha akazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, kwa kuwa breki ile hushika ya nyuma tu. Nati alizilegeza gurudumu lingali chini. Ndipo alipotandika ubao mnene, akaiweka jeki juu yake, chini ya ekseli. Gari lilipoinuka, hakumruhusu mtu kuingia uvunguni. Alipokwisha kufunga tairi la akiba, alilishusha gari, akazikaza nati kwa kupishanisha.

Tulichelewa kufika, lakini tulifika sote. Ndugu msomaji, usafiripo masika, usikague jeki peke yake. Ukague na ubao.