Kamera zenye muhuri, na mama aliyekataa kuonyesha sura

Kila wiki kuna msikilizaji anayetuandikia katika kundi letu la WhatsApp: «Ninyi watu wa redio, mbona mnatuletea sauti tu? Picha ziko wapi?» Wanaouliza zaidi ni familia zilizokimbia Kanyabayonga, Kirumba na Kayna mwisho wa mwezi wa sita 2024, wakati M23 ilipoingia huko. Wako Lubero, wako Butembo, wengine wamefika Beni. Wanataka kuona kama nyumba bado ina mabati, kama shamba la maharagwe linalimwa na nani. Ni ombi la haki. Leo nalijibu kwa urefu, maana kuna habari katika kazi ya kamera inayoligusa ombi hilo moja kwa moja, na sikuipokea kwa furaha tupu.

Kwanza niseme picha inaweza kumfanyia mtu nini. Kuna moja ilizunguka katika simu za wahami: watu wengi barabarani, magodoro kichwani, kuku wamefungwa kwenye pikipiki, na chini yake maandishi: «Kanyabayonga imetulia, raia wanarudi.» Baba mmoja alikuwa amekwisha kukunja turubai lake. Watoto wanne walisimama tayari, mkubwa wao na sufuria mgongoni. Tuliikuza picha ile kwenye simu, tukaangalia namba za pikipiki. Hazikuwa za Kongo. Tukawapigia watu wawili tunaowaamini upande ule. Kila mmoja kwa wakati wake alituambia kwamba siku hiyo hakuna aliyerudi, na milio ya silaha ilisikika tangu asubuhi. Baba yule alilikunjua turubai. Hakutushukuru. Alikasirika, na ninamwelewa, maana ni kama tulimfukuza kwao mara ya pili.

Picha ile haikutengenezwa na kompyuta. Ilikuwa picha ya kweli ya watu wa kweli, ila ya mahali pengine na siku nyingine. Huku kwetu uongo mwingi wa picha ni wa namna hiyo, wala hauhitaji akili bandia. Unahitaji mtu mmoja mwenye mega za kutosha na maneno mawili ya kuandika chini.

Sasa habari yenyewe. Mwezi wa kumi 2023, kampuni ya Leica ya Ujerumani ilitoa kamera iitwayo M11-P. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuuzwa ikiwa na uwezo wa kugonga muhuri kwenye picha papo hapo inapopigwa. Kanuni za muhuri huo zinaitwa C2PA, na zilianzishwa mwaka 2021 na Adobe, Microsoft, Intel, Arm, Truepic na BBC, ile ile ambayo wengi wetu tunaisikiliza kwa Kiswahili. Baada ya Leica wakafuata wengine. Mwezi wa saba 2025 Sony ilitangaza kamera ya video, PXW-Z300, inayogonga muhuri kwenye video. Mwezi uliofuata Google ikatoa simu ya Pixel 10, ambayo kila picha inayopigwa kwa kamera yake inatoka na muhuri.

Muhuri unafanya kazi hivi. Ukibonyeza, kamera inaipiga hesabu picha nzima na kutoa tarakimu ndefu, kama vile alama ya kidole ya picha hiyo. Kisha inaifunga tarakimu hiyo kwa ufunguo wa siri uliomo katika chipu ndani ya kamera. Mtu akiibadilisha picha, hata nukta moja, tarakimu hazitalingana tena, na anayekagua ataona kwamba muhuri umevunjika. Pamoja na muhuri kunakaa taarifa: ni kamera gani, siku gani, saa ngapi, na mpiga picha akipenda, jina lake na mahali aliposimama.

Fikiria kama picha ya wale watu wenye magodoro ingekuja na taarifa hizo. Baba wa watoto wanne angeangalia tarehe, akaona si ya juzi, akalala. Kwa hiyo sisemi kitu hiki ni upuuzi wa matajiri.

Lakini muhuri wenyewe si wa kuapia. Mwaka 2010 kampuni ya Elcomsoft ya Urusi ilionyesha kwamba muhuri wa zamani wa Canon unaweza kughushiwa. Mwaka 2011 ikafanya hivyo hivyo kwa ule wa Nikon. Huu mpya ni imara zaidi, na bado umekwisha kupata aibu yake. Mwezi wa nane 2025 Nikon iliiongezea kamera yake ya Z6III programu ya C2PA. Baada ya siku chache tu, mtu mmoja akagundua mlango wa nyuma. Kamera hiyo inaweza kuweka picha mbili juu ya nyingine zikawa moja. Alichukua picha isiyo na muhuri, akaifanya ya chini, akapiga nyingine juu yake, na kamera ikagonga muhuri wake kwenye mchanganyiko huo bila kuuliza. Mwezi wa tisa Nikon ilisimamisha huduma na kufuta vyeti vyote ilivyokuwa imetoa.

Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka Masisi. Sisi wa Kivu tumekwisha kuishi na muhuri wa namna hii kwa miaka mingi, ila wetu ulifungwa kwenye mifuko. Koltani huchimbwa, hutiwa katika mfuko, mfuko hufungwa etiketi yenye namba, na etiketi hiyo inamwambia mnunuzi wa mbali kwamba madini yametoka katika kisima fulani kisicho na watu wa silaha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa jinsi etiketi zilivyouzwa kwa siri na kufungwa kwenye mifuko iliyotoka visima vingine. Etiketi ilikuwa ya kweli. Namba ilikuwa ya kweli. Kilichokuwa cha uongo ni kilichomo ndani ya mfuko. Na tusisahau kwamba tantali inayotoka katika koltani hiyo inaingia katika vipande vidogo vya umeme vya simu na kamera hizi hizi tunazozizungumzia. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwezi wa nne 2024. Kamera inaweza kukuapia picha imepigwa wapi. Tantali iliyomo ndani yake imetoka wapi, hiyo haiwezi kukuambia.

Lakini si mlango wa nyuma wa Nikon unaonipa wasiwasi zaidi. Hata muhuri ukiwa kamili, usiovunjika kamwe, mimi ningebaki na swali: ukweli ule wa saa, siku na mahali, unamfikia nani?

Nilikwenda kuzungumza na wahami waliopewa hifadhi katika madarasa ya shule. Kulikuwa na mama mmoja, umri wa kunizaa, aliyeeleza vizuri kuliko wote jinsi walivyotembea usiku na nani alibaki njiani. Nilipomaliza kunasa sauti nikamwomba: «Mama, unaniruhusu nikupige foto moja?» Akafunika mdomo kwa kitenge. «Mwanangu, sauti chukua. Sura niachie.» Nikamwambia kwamba hata sauti inaweza kutambulika. Akanijibu kwamba sauti yake wanaijua watu wa kwao tu, lakini foto inafika hata kwa wale wasiomjua, na shemeji yake amebaki kule kulinda ng'ombe wawili. Tulikubaliana tusilitaje jina, wala kijiji, wala shule. Sauti yake ilipita hewani siku mbili baadaye.

Sasa chukua foto ambayo ningempiga, uitie muhuri. Siku na saa zipo. Nikiwa nimewasha mahali, nayo ipo, kwa hatua chache tu za makosa. Jina langu lipo. Mhariri wa Ulaya atafurahi, kwa sababu amehakikishiwa kwamba mama huyu si wa kompyuta. Na mtu mwenye bunduki anayemtafuta shemeji yake naye amehakikishiwa. Uongo unatuumiza huku, ni kweli, lakini mara nyingine kinachomuua mtu ni ukweli uliofika mahali usipotakiwa.

Waliotengeneza mihuri hii wameliona tatizo, tusiwaonee. Katika kanuni za C2PA jina na mahali si lazima. Google inasema kwamba katika Pixel 10 kila picha hufungwa kwa ufunguo unaotumika mara moja tu, ili picha mbili zisiweze kuunganishwa na kuonyesha kwamba zimetoka kwa mtu mmoja. Tena simu hiyo inaweza kuweka saa ya kuaminika hata pasipo mtandao. Hapo nilivutiwa kweli, maana kuna sehemu tunazofika ambako ukitaka mtandao unapanda kilima. Lakini hayo yote yanamlinda mpiga picha. Sura ya aliyepigwa iko pale pale katikati ya picha, na hakuna ufunguo wa kuifunika isipokuwa kitenge.

Ndiyo sababu ninaipenda kamera mbovu ya studio yetu. Ni Canon 600D, aina iliyotoka mwaka 2011, tuliipata mitumba, mpira wa mkononi umebanduka tumeubandika kwa gundi ya viatu. Haina muhuri, na haijui iko wapi duniani. Lenzi yake ni ile fupi ya 18 mpaka 55. Kwa lenzi hiyo huwezi kuchukua sura ya mtu ukiwa mbali. Lazima usogee, usalimie, uulizie hali ya watoto, na kabla hujainua kamera tayari umekwisha kuambiwa ndiyo au hapana. Simu mpya zina lenzi za kuvuta mara tano, na matangazo yanazisifu kwamba unaweza kumpata mtu wa ng'ambo ya barabara kama vile yuko mbele yako. Kwa ndege na mpira wa miguu, sawa. Katika kambi ya wahami ninaona ni kama kuchungulia dirishani kwa watu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Picha zetu zote zinapita WhatsApp. Ukiituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaibana ili iwe nyepesi, na katika kubana huko taarifa zilizofichwa ndani yake zinaondolewa. Muhuri wa dola elfu tisa unaishia hapo. Ukitaka taarifa zibaki, lazima uitume kama dokima, na hapo inakula mega zaidi. Kwa upande mwingine, ukiituma kama dokima na simu yako iliandika mahali ulipo, umempa anayepokea nukta ya kwenye ramani, labda nukta ya turubai lako. Kwa hiyo ninyi mlio katika kambi: fungueni mipangilio ya kamera ya simu, tafuteni palipoandikwa mahali au lokalizasio, zimeni. Mwambieni na kijana anayewapigia foto za ubatizo. Ni kazi ya dakika moja na haina malipo.

Na kwa picha inayokuja bila muhuri, yaani karibu zote, fanyeni kama tulivyofanya kwa zile pikipiki. Angalieni namba za magari, maandishi ya maduka, nguo za askari, milima iliyo nyuma. Mzee aliyezaliwa Kayna anaijua milima ya Kayna kuliko programu yoyote. Mara mbili sasa tumempelekea mzee mmoja picha kabla ya kuisema redioni, na mara zote mbili alicheka kwanza, ndipo akatujibu.

Bei ya M11-P ilipotoka ilikuwa dola 9,195, bila lenzi. Pixel 10 ilianza kwa dola 799. Juma lililopita mkubwa wetu wa kituo alituomba kila mmoja aandike vifaa anavyohitaji, kwa kuwa kuna wafadhili waliouliza. Mwenzangu mmoja kijana aliandika simu yenye muhuri, na sikumpinga, akiipata tutaijaribu pamoja. Mimi niliandika betri mbili za Canon, kadi ya memori ya giga 32, na kile kisponji cha kuvalisha mikro, maana mwezi huu upepo wa Lubero unaingia katika kila sauti ninayoleta na ninyi wenyewe mmelalamika.