Kisu cha Sakai Jikoni Kwetu



Wapenzi wasomaji, karibu na Osaka nchini Japani upo mji uitwao Sakai, ambao wahunzi wake wamekuwa wakifua visu tangu karne ya 16. Wareno ndio waliofikisha tumbaku huko, Wareno wale wale waliotuachia Ngome ya Mombasa, na majani hayo yakahitaji kisu kikali cha kuyakatakata. Watu wa Sakai walikifua kwa ustadi hata watawala wa Tokugawa wakawapa muhuri wa kuvipambanua visu vyao. Kisha mwaka 1876 serikali ya Meiji ikapiga marufuku kuvaa panga hadharani. Mafundi wengi wa panga wakakosa wateja, na nyundo zao zikaelekea jikoni.

Kisu kimoja cha mji huo kimo nyumbani mwangu. Alikileta mpwa wangu, ambaye ni baharia, kwa ajili ya mkaza mjomba wake. Mke wangu anaugua baridi yabisi ya vidole. Kwa miaka miwili kazi ya kukata ilikuwa imemtoka mikononi. Alikaa juu ya kigoda akiwaelekeza wakaza wana namna ya kukata vitunguu vya pilau, naye ni mwanamke aliyepika arusi nzima nzima. Kisu butu hukandamizwa, na kule kukandamiza ndiko kulikomtesa. Kisu kikali huteremka kwa uzito wake mwenyewe. Siku ya kwanza alikata vitunguu vya watu kumi, kisha akauliza kama hakuna kingine cha kukata.

Ukali huo una sababu. Mhunzi huchukua chuma laini na kipande cha feleji ngumu, akavitia motoni na kuvigonga hata vikaungana. Feleji ndiyo makali. Chuma laini huizuia isivunjike. Baadaye ubapa hupakwa udongo, hutiwa tena motoni na kuzamishwa majini ghafla. Karakana huwekwa giza, kwa kuwa fundi hupima joto kwa kuitazama rangi ya chuma. Akikosea kidogo, kisu hupasuka au hubaki laini. Huko Sakai mmoja hufua, mwingine hunoa, wa tatu hutia mpini, na kila mmoja huishi na kazi yake hiyo moja.

Wapo walioniambia kwamba kisu cha bei ile ni israfu. Israfu, kwa maoni yangu, ni kununua kisu cha thamani kisha kukiacha kife droo moja na vijiko. Kisu cha kawaida cha sokoni kinachonolewa kila juma hukishinda. Adabu ya kunoa kisu kabla ya kuchinja kila mtoto wa madrasa anaijua. Sijui kwa nini tukifika kwenye kitunguu tunaisahau.

Aina hii haitaki mifupa wala samaki wa barafu, maana ugumu wake huifanya ikameguka. Ukikata ndimu, kioshe na kukikausha papo hapo, kwani feleji hiyo hushika kutu upesi. Wala usimpe mnoaji wa gurudumu la kasi: likipata moto sana, makali hupoteza ugumu aliouhangaikia mhunzi. Hunolewa juu ya kinoo kilicholoweshwa maji, taratibu, kwa kushika mwinamo mmoja, mpaka uhisi kwa kidole ukingo mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Hapo hugeuzwa.

Vidole vya mke wangu havistahimili kinoo, basi kazi hiyo ni yangu, kila Alhamisi baada ya Alasiri. Mjukuu wetu wa kike, mwenye miaka 12, hukaa ubavuni akijifunza. Juma lililopita kisu alichokinoa yeye kilikata nyanya mbivu bila kuiponda, na bibi yake akamwambia akinoe na kile cha zamani.