Nyuma ya Magwanda Kuna Nyumba

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Madarasani huifasiri methali hii kwa kuwafikiria raia walionaswa baina ya majeshi mawili. Kwangu mimi, nyasi ni pia mke, watoto na wazazi wa askari mwenyewe, ambao hawajauona uwanja wa vita ila maumivu yake yanawafika mlangoni.

Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia kupambana na Al-Shabaab, na mwaka 2012 yakajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Januari 2016 kambi ya El Adde iliposhambuliwa, taifa lilizungumzia silaha, mikakati na lawama. Kijijini kwetu alikuwako mama ambaye mumewe alikuwa Somalia. Kwa siku kadhaa hakupata habari zake. Majirani walimhurumia, lakini walichelea kumpa pole mapema isije ikawa uchuro, wakaishia kutomtembelea kabisa. Wengine walisema yule ni mtu wa serikali, na ya serikali yaachiwe serikali. Mumewe alirejea salama. Hata hivyo, upweke wa siku zile haukuletwa na adui. Ulizaliwa papo hapo kijijini, miongoni mwa watu wema.

Jambo hili halitibiwi kwa mshahara wala kwa malipo ya uzeeni pekee. Uingereza, ambako sheria ya mwaka 2011 ililitambua agano baina ya taifa na wanajeshi wake, ilitengwa pia hazina ya pauni milioni 30 kwa miradi midogo ya mitaani. Shabaha yake ilikuwa kuwaunganisha wanajeshi, jamaa zao na raia wanaoishi nao. Kuanzia mwaka 2015 ikafuatiwa na hazina ya pauni milioni 10 kila mwaka. Busara ya mpango wa aina hiyo ni kuwa uwanja wa michezo au kituo cha watoto hakiulizi mtoto babake huvaa sare gani.

Sisemi tuige kila kitu. Jamaa nyingi za wanajeshi wetu haziishi kambini; zimo vijijini, pamoja na mashamba na wakwe. Lakini mifereji ya fedha tunayo. Hazina ya maendeleo ya maeneobunge iliasisiwa mwaka 2003, na serikali 47 za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Vyama vya akina mama vilikuwako kabla ya zote mbili. Kwa nini fungu dogo lisitengewe miradi inayobuniwa kwa pamoja na jamaa za wanajeshi na majirani zao: shule ya chekechea, tangi la maji, au mshauri wa kuwasikiliza waliofiwa?

Najua utauliza, msomaji mpendwa: mbona askari, ilhali mwuguzi na mwalimu nao wanateseka? Swali ni la haki. Fedha zinazomnufaisha mke wa askari peke yake zitampandishia ukuta mwingine wa kijicho. Ndiyo maana sharti la kwanza liwe kwamba mradi uwe wa wote, na jirani awe na sauti ndani yake.

Sisi wanafunzi wa lugha tunajua kuwa jina Kariakor la mtaa wa Nairobi lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Lugha ililihifadhi jina la kikosi. Wake na watoto waliobaki nyumbani haikuwawekea hata mtaa. Tusiirithishe kasoro hiyo. Siku habari zitakapokatika tena kutoka mpakani, pawe na kikundi ambacho mama yule ni mwanachama wake, na ambacho wajibu wake ni kubisha hodi.