Ukishuka Tunduma

Mama yangu anasafiri mwezi ujao. Ana miaka sitini na tatu na hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote. Anatoka Makambako kwenda Nakonde, Zambia, kumwona dada yangu pamoja na mjukuu ambaye tangu azaliwe anamjua kwa picha tu. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si ulishafika huko? Niandikie basi mambo ya kuangalia." Leo siku ya nne nimekaa na kalamu. Nayaweka hapa pia, maana najua wapo wenzangu watakaoshuka Tunduma mara ya kwanza, ama kwa biashara, ama kwa mapenzi, ama kwa kukimbia tu nyumbani.

Utajua umefika kwa kuona malori. Toka Mbeya ni kama kilometa mia moja na kidogo, na kabla hujauona mji utaona foleni: matrela yanayokwenda Zambia na Kongo, pua kwa mkia, mautingo wanasonga ugali pembeni ya matairi. Hapo amka, begi libebe mbele kama mjamzito. Ukishuka tu vijana watakuzingira: "Anko, Nakonde? Chenji? Boda?" Usimwone kila mmoja mwizi, wengi wao wanatafuta riziki yao kihalali. Sema, "Nimepokelewa, kaka," hata kama hujapokelewa, kisha tembea kama mtu anayejua aendako. Kama ni Juni au Julai, sweta ni lazima. Mimi nilikuja na fulana ya mikono mifupi, nikidhani mpaka wowote lazima uwe na joto kama wa kwenye sinema.

Pasi ya kusafiria usiiache. Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ila tuko nao SADC, kwa hiyo Mtanzania anayekwenda kutembea hahitaji viza. Ndani ya pasi weka kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Siku hizi kuna kituo cha pamoja, kilichozinduliwa mwaka 2019: maofisa wa nchi zote mbili wanakaa upande ule unaoingia, unagongewa mihuri yote palepale. Utaona watu wanakatiza vichochoroni na ndoo za nyanya kichwani. Wao ni wenyeji, Wanyamwanga wako pande zote mbili tangu kabla ya mpaka wenyewe. Wewe si mwenyeji. Pita mlangoni.

Halafu saa. Ukivuka tu, saa yako inarudi nyuma saa moja nzima. Saa nne asubuhi ya Tunduma, Nakonde ni saa tatu, nao kwa hesabu yao ya Kizungu wataiita tisa! Shemeji aliniambia tukutane tisa. Nikajilaza, nikala wali maharage, nikaenda alasiri. Alikuwa ameshaningoja mpaka akakata tamaa.

Nimezunguka sana. Lililobaki ni la fedha.

Mwaka 2014 dada alijifungua kwa upasuaji. Mama akauza mahindi, magunia yote aliyokuwa ameyatunza kungojea bei ipande, akanipa shilingi 150,000 nimpelekee mzazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mjanja wa Makambako. Nikakataa kwenda dukani kubadilisha fedha, nikamsikiliza kijana mmoja pembeni ya barabara, mpole, ananiita bro. Akasema kwa kuwa mimi ni mgeni atanipa 200,000 kwacha kwa ile 150,000 yangu. Akahesabu mbele ya macho yangu: elfu hamsini, elfu hamsini, elfu hamsini, elfu hamsini. Loh! Nikajisemea moyoni kumbe biashara ndiyo hii. Nikavuka nikipiga mluzi.

Dada alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani. Akazipokea, akazigeuza, akacheka. Halafu akanyamaza, na ule ukimya ninao mpaka leo. Kumbe Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye fedha yake Januari 2013. Elfu moja ya zamani ikawa kwacha moja. Yale mahela yangu yalikuwa kwacha 200 tu, tena dukani hayapokelewi, mpaka benki. Wakati huo kwacha moja mpya ilivuka shilingi mia mbili, ningestahili zaidi ya mia tano. Yaani magunia ya mama yaliishia mfukoni mwa bro.

Dada akasema, "Mama asijue." Nikarudi nyumbani. Mama akauliza, "Zimefika zote?" Nikasema zote. Akamshukuru Mungu, tena kwa sauti.

Kwa hiyo sikiliza. Badilisha benki au kwenye duka lenye kibali, na hakikisha unapewa risiti. Uliza bei ya siku hiyo kwa watu watatu kabla hujatoa hata shilingi. Zikague noti moja moja, usikubali kuharakishwa. Yenye maelfu ni makaratasi, hata uambiwe nini. Na wajanja wamepata nafasi nyingine: Machi 2025 Zambia imetoa noti mpya tena, zikiwemo za 200 na 500, na za kabla yake zikapewa mwaka mmoja wa kuondoka. Mgeni ndiye atakayepewa zilizokufa.

Ukibakiwa na siku, nenda Mbozi ukaone kimondo pale Ndolezi, dude la chuma la tani nyingi, lilianguka toka angani likatulia hapo. Mama nimemwambia, akasema yeye anakwenda kuona mtoto, si mawe.

Jana jioni alipiga tena, nikamsomea hiyo ya noti. Nikamwambia, "Mama, ukiona elfu hamsini, rudisha." Akanyamaza. Nikasikia redio yake kwa nyuma, na jogoo wa jirani asiyejua saa.

"Baba," akasema, "wewe hayo uliyajuaje?"

Nikamwambia salio linaisha. Na yeye ndiye aliyepiga.